Mistari Miwili Chini ya Picha

Elphas Sitati hakuwa na gari, hakuwa na shamba, hakuwa na cheti cha chuo chochote cha sanaa. Hakuwa na duka lenye kioo. Alikuwa na kibanda cha mabati pale Rhonda, mjini Nakuru, ubavuni mwa karakana ya seremala, chenye dirisha moja lililotazama mtaa wa Kaptembwo. Hakuwa na baba wa kumsemea mbele ya wakwe, wala mjomba mwenye koti la heshima. Maneno matamu hakuwa nayo, hata ya kuazima. Na kwa wiki sita sasa alikosa kitu ambacho hakuwahi kukikosa tangu akiwa darasa la sita. Hakuwa na ujasiri wa kushika penseli.

Penseli zenyewe zilikuwepo, ndani ya mkebe wa majani ya chai. Kila asubuhi alizichonga, akazipanga kwa unene, kisha akakaa akizitazama kama mtu aliyekuta nyoka amelala njiani, hajui apite au arudi.

Mtaani walimwita Mchora Marehemu. Familia ikifiwa, ilimletea picha ya kitambulisho, ndogo kama stempu, naye akaikuza kwa penseli na makaa mpaka ikawa picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minne. Kila Jumatatu alitayarisha karatasi kumi. Alipiga pambizo, kisha chini ya kila karatasi akapiga mistari miwili kwa rula. Juu ya mstari wa kwanza aliandika Macheo, juu ya wa pili Machweo, familia ijaze yenyewe tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Alikuwa ameizoea mistari hiyo hata macho yake hayakuiona tena, kama vile mtu asivyoiona pua yake.

Ndiyo iliyomponza. Alipotaka kumchora Jepkemboi, msichana aliyempenda kuliko pumzi yake, alivuta karatasi ya juu kwenye rundo. Akachora kutoka kwenye picha ya simu kwa siku nne, akaitia kwenye fremu, akaifunga kwa karatasi ya maua, akaipeleka Elburgon, kwao Jepkemboi, siku ya kujitambulisha kwa wazazi. Mama yake Jepkemboi, Mama Rahab, aliifungua mbele ya shangazi watatu. Akatabasamu. Halafu macho yake yakashuka chini ya picha, na tabasamu likafa.

"Hii Machweo," aliuliza polepole, "ni ya nani?"

Shangazi mmoja alianza kusali kwa sauti. Na sababu ya hofu yao ilikuwa pale pale, imefunikwa na skafu ya kijani: Jepkemboi alikuwa na goita shingoni, kubwa kama ngumi ya mtoto, na daktari alikuwa amekwisha kupanga siku ya kumpasua.

Upasuaji ule uliahirishwa. Mama Rahab alikataa kusikia neno, akamfukuza Elphas.

*

Jumatatu moja, wiki sita baada ya safari ile, saa kumi alasiri, seremala Okeyo alichungulia mlangoni akiwa na maranda kwenye ndevu. Okeyo ndiye aliyemtengenezea fremu, na ndiye aliyekwenda naye Elburgon kama msemaji wake.

"Msanii! Leo umechora nini? Ukuta?"

"Niache, Okeyo."

"Nimekuacha wiki sita. Penseli umezichonga mpaka zimebaki kama njiti za kiberiti. Unangoja nini?"

"Nangoja mkono urudi."

"Umekwenda wapi? Uliuacha Elburgon?" Okeyo akacheka peke yake. "Mimi nikingoja mbao zinipigie simu, watoto wangu watakula maranda. Wewe ndiye ulinifundisha hayo, ama umesahau?"

Hakuwa amesahau. Elphas alikuwa na kanuni moja maishani, na aliishika kama wengine wanavyoshika kufunga na kusali. Kabla ya chai ya asubuhi, achore kitu kimoja kilicho mbele yake. Kikombe. Nyundo ya Okeyo. Kiatu cha mvua. Alikuwa akiwaambia vijana waliokuja kumuuliza siri ya kuchora kwamba msukumo ni kama jirani mdadisi. Ukikaa kimya ukimngoja, haji. Anza kufanya kazi upige kelele kidogo, utamwona mlangoni anataka kujua kuna nini.

Sasa kikombe kilikaa mezani kikamtazama, naye hakukigusa. Kwani je, akikichora kitavunjika? Hilo ndilo wazo lililomwamsha kila siku, na alilionea aibu. Alikuwa mtu wa kanisa. Hakuamini uchawi. Lakini mkono wake ulikuwa umeandika kitu ambacho moyo wake haukukiagiza, na mtu akishaona mkono wake ukimwasi mara moja, atauamini vipi tena?

"Shemeji!" Okeyo alisema ghafla, akageuka. "Karibu, karibu. Huyu mtu wako amekuwa sanamu. Labda wewe utamfufua."

Elphas alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

Jepkemboi alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa sweta ya shule anayofundisha chekechea, na mkoba mkubwa begani uliochomoza ncha ya karatasi iliyoviringishwa kama bomba. Skafu ya kijani ilikuwa shingoni. Alikuwa amekonda. Macho yake, yale makubwa yaliyomfanya Elphas aharibu picha mbili za marehemu bibi yake kabla ya kuipata ya tatu, yalimtazama bila kupepesa.

"Hutanikaribisha?"

Sauti yake ilikuwa imekauka, kama mtu anayezungumza kupitia kitambaa.

"Karibu. Keti. Nani... mama anajua uko hapa?"

"Hajui."

Okeyo alikohoa, akasema anasikia kama gundi yake inaungua, ingawa hapakuwa na moto karakanani, akaondoka.

Wakabaki wawili. Nje, upepo ulipitisha vumbi juu ya mabati. Elphas alitaka kumshika mkono, akaogopa. Alitaka kumwambia samahani, lakini neno hilo alikuwa amelituma kwa simu mara nyingi hata likachakaa.

"Wamenipa siku nyingine," Jepkemboi alisema. "Alhamisi, saa mbili asubuhi."

"Alhamisi hii?"

"Hii. Daktari amesema nisingoje tena. Imeanza kusukuma koo. Nalala nimeketi, Elphas. Nikilala chali ni kama mtu amenikalia."

"Basi lazima uende."

"Mama anasema siendi. Kesho asubuhi anakuja Nakuru kunichukua, anirudishe nyumbani, wanawake wa kanisa waniombee. Anasema ameota picha yako mara tatu. Kwenye ndoto tarehe imejazwa."

"Tarehe gani?"

"Hakutaka kuniambia."

Elphas alijua kwamba angepaswa kucheka, aseme ndoto ni ndoto. Hakuweza.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi ni mtu mzima. Naweza kuweka sahihi yangu kwenye fomu ya hospitali bila mama." Akashusha macho. "Lakini kila nikishika kalamu naona ile mistari. Sitaki kukudanganya. Mama ananiogopesha, lakini hakunitia hofu yeye. Nilikuwa nayo. Siwezi kuingia tiyeta kupasuliwa huku picha yangu ya mwisho duniani ikiwa ile."

"Niliichoma, Jepkemboi. Okeyo alishuhudia."

"Huwezi kuchoma kitu ambacho watu wamekiona." Alivuta ile karatasi kutoka kwenye mkoba, manila nyeupe ya kuchorea chati za watoto, akaikunjua juu ya meza na kuibana kwa kikombe na mkebe. "Nichore tena. Leo. Si kwa simu, unitazame mimi. Ukiweza kunichora nikiwa hai, Alhamisi nitakwenda. Ukishindwa, kesho napanda gari na mama."

Elphas alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bati.

"Unaniwekea hilo juu yangu?"

"Nani mwingine nimwekee?"

"Na mkono ukikosea tena?"

"Ndiyo sababu nimekuja na karatasi yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ikacheza. "Zako siziamini."

*

Miaka kumi na minne, na hakuwahi kumchora mtu aliyekuwa akimtazama pia. Waliokufa hawatazami. Picha ya kitambulisho haikuulizi mbona umekawia kwenye pua. Alisogeza kiti karibu na dirisha, akamkalisha Jepkemboi mwanga ukimpata shavuni, akachukua penseli. Ikamtoroka, ikabingirika chini. Akaiokota.

"Unaanza wapi?" Jepkemboi aliuliza. "Hukuwahi kuniambia."

"Sikio."

"Mbona sikio?"

"Mbele ya kamera watu hujitengeneza. Hutengeneza macho, mdomo, hata pua huinuliwa. Hakuna anayekumbuka kutengeneza sikio." Penseli iligusa karatasi. Mstari mdogo ulitoka, ukitetemeka, lakini ulitoka. "Nikilipata sikio, uso uliobaki hunifuata."

"Na bibi yangu? Naye ulianza na sikio?"

"Lilikuwa na tundu refu la zamani, la hereni za shanga. Uliniambia alikuwa akiliviringa akichekeshwa. Nilichora siku mbili nikisikia kicheko cha mtu nisiyemjua."

"Mimi hapo ndipo nilipokupenda," Jepkemboi alisema, akitazama dirishani. "Nilikuja kuchukua picha, nikakuta umenuna kwa sababu tundu halikutosha urefu. Nikasema, huyu anamlilia bibi yangu kuliko wajomba zangu."

Elphas aliinamia karatasi. Alichora nywele zilizosukwa, mfupa wa shavu, kope. Kazi ilianza kumchukua, polepole, kama maji yanavyochukua kiatu cha kwanza kisha cha pili. Alifika kidevuni. Akasita.

Jepkemboi aliona. Akainua mikono, akafungua skafu, akaiweka magotini.

Uvimbe ulikuwa umekua tangu alipouona mara ya mwisho. Ulikaa chini ya koo, upande wa kulia zaidi, ngozi juu yake iking'aa. Elphas alichora upande ule kwa mstari mmoja laini, kutoka sikioni hadi begani.

"Nionyeshe," Jepkemboi alisema.

Aligeuza karatasi. Jepkemboi aliitazama kwa muda mrefu.

"Shingo iko wapi?"

"Hiyo hapo."

"Hiyo ni shingo ya nani? Kwenye ile picha ya kwanza ulifanya hivi hivi. Shangazi waliona mistari tu. Mimi niliiona shingo kwanza, kabla ya mama kufungua mdomo. Ikaniuma, nikanyamaza."

"Nilikutengeneza," alisema Elphas, akishangaa. "Ni heshima. Familia zote huomba hivyo. Mtoe kovu, mtoe madoa ya ugonjwa, mpe meno. Nilifikiri ndiyo mapenzi."

"Unaowatengeneza ni marehemu."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mwalimu anayemrekebisha mtoto anayempenda, na ndiyo sababu liliingia mpaka mfupani. Elphas aliona sasa kwamba ile mistari miwili ilikuwa kosa dogo. Alikuwa amemzika kwanza shingoni, ndipo rula ikafuata.

"Sijui kuuchora," alinong'ona. "Miaka yote nimefuta. Mkono haujui njia."

"Lete huo mkono."

Alimkamata vidole viwili, akaviweka juu ya uvimbe. Elphas alikaribia kuvivuta. Alitarajia kitu kigumu, cha kigeni, kitu cha adui. Kulikuwa na joto. Kulikuwa na mpigo wa damu chini ya ngozi, wa haraka mno, mpigo wa mtu anayeogopa sana na hataki ijulikane. Kisha Jepkemboi alimeza mate, na kile kitu kizima kikapanda chini ya vidole vyake, kikashuka.

Wakatazamana. Uso wa Jepkemboi ulikuwa karibu kiasi kwamba Elphas aliona pumzi ikimsumbua.

"Naogopa, Elphas," alisema. "Naogopa wataniamsha nisiwe na sauti. Naogopa hawataniamsha. Sijamwambia mtu."

"Nami naogopa."

"Najua. Unatetemeka mpaka mimi natetemeka."

Hapo simu ya Jepkemboi ililia. Jina lilionekana juu ya kioo: Mama. Jepkemboi aliiweka sikioni, lakini sauti ya Mama Rahab haikuhitaji sikio, ilijaza kibanda.

"Jepkemboi! Binamu yako anasema hukufika nyumbani. Uko wapi?"

"Niko Rhonda, mama."

"Rhonda wapi? Wewe! Kwa yule? Toka hapo! Toka sasa hivi, unanisikia? Anafanya nini? Usikubali akushike, usikubali akuchore!"

"Mama..."

"Nilizaa watoto watano, nikazika wawili. Sina machozi ya wa tatu. Kesho saa tatu niko hapo stendi, na ukiwa huko kwa huyo mtu nitakuja kukuvuta mbele ya watu wote. Mwambie. Mwambie mikono yake inanuka maiti."

Simu ilikatika. Elphas alitazama mikono yake. Lakini Jepkemboi alikuwa analia bila sauti, na akilia alimeza, tena na tena, na uvimbe ukapanda na kushuka, na alikuwa hai, alikuwa hai kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Elphas alichukua penseli kabla hajajua ameichukua.

"Kaa hivyo hivyo," alisema.

Alifuta ule mstari laini. Akachora jinsi ngozi ilivyovutika, kivuli chini yake, mshipa wa pembeni uliovimba. Alichora koo likiwa katikati ya kumeza. Hakulipunguza wala kulirembesha. Nje mawingu yalishuka kutoka mlima wa Menengai na mwanga ukafifia, naye akawa anaufukuzia kwa penseli, akikosea, akirudia, mpaka kidole kikawa cheusi. Alipofika chini ya karatasi mkono wake ulitafuta rula wenyewe. Ulikwenda hadi mezani, ukaigusa. Elphas aliutazama mkono ule kama baba anayemtazama mwana mkaidi. Akaichukua rula, akaitupa nje dirishani.

"Wee!" sauti ya Okeyo ilisikika. "Sasa mnatupa vyombo? Mmeanza ndoa?"

Jepkemboi alicheka katikati ya machozi, kicheko cha kukwaruza. Kisha akaja kuitazama picha. Akaweka mkono kooni.

"Huyu anaogopa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Lakini yupo."

"Yupo."

Alikunja skafu akaitia kwenye mkoba. Hakuifunga tena. "Mpelekee mama hiyo. Mimi siihitaji, nimekwisha jiona. Yeye ndiye anayeogopa kuliko sisi wote. Iende leo, imfikie kabla hajapanda gari la asubuhi. Na uandike wewe. Usipige simu, akisikia sauti yako ataikata."

"Niandike nini?"

"Kama ulivyonichora." Mlangoni aligeuka, akamtazama kwa macho yale yale. "Elphas. Baada ya Alhamisi nitakuwa na kovu. Usije ukalifuta."

*

Aliandika akiwa amesimama, kwa kalamu ya wino, bila kufuta neno:

"Mama Rahab, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Elphas uliyemfukuza, na ulikuwa na haki. Mistari ile niliipiga kwa mazoea, wala sikuwa na nia mbaya. Lakini mkono uliozoea msiba haupaswi kuingia nyumba ya watu kabla ya kunawa. Nisamehe.

Picha hii nimeichora leo nikimtazama yeye mwenyewe. Usitafute mistari, hakuna. Tazama shingo. Utamjua mtoto wako.

Alhamisi saa mbili asubuhi ataingia tiyeta. Ameamua. Anaogopa, nami naogopa, na sitakudanganya kwamba najua litakalokuwa. Najua tu kwamba akingoja koo litaziba. Kesho ukija, usije kumrudisha nyumbani. Njoo umshike mkono, kwa sababu mimi sina haki ya kuushika mlangoni pale, na wewe unayo.

Ombi langu ni moja. Daktari ataacha kovu. Naomba ruhusa yako nilichore, na baada ya hapo nichore kila alama ambayo miaka itamwekea, mpaka macho yangu yakatae kuona.

Elphas Sitati, Rhonda."

Okeyo alikata vipande viwili vya mbao nyembamba. Picha ikalala katikati, barua juu yake, vyote ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Elphas alipaka uji wa ngano, ule anaogandishia migongo ya fremu, akaubana mdomo wa bahasha kwa kiganja, akahesabu hadi mia moja. Alijua inatosha thelathini. Alihesabu kwa sababu akiinua mkono, neno litakuwa limetoka.

Stendini, gari la mwisho la Elburgon lilikuwa linanguruma. Msichana wa ofisi ya mizigo aliandika jina la Mama Rahab na namba yake ya simu, akaipima bahasha mkononi.

"Ndani kuna nini, boss? Kinavunjika?"

Elphas aliitazama bahasha. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka juu ya bati.

"Kinavunjika," alisema. "Mwambie dereva akiweke mbele."